Kipande cha Kwanza Kiko Ndani Kabisa

Kijana akija kuniuliza anunue kamera gani ya bei nafuu, mimi huanza na mlango wa nyuma. Namwambia kioo cha mbele utakitazama baadaye, kwanza fungua mlango, funga, fungua tena, uone kikomeo kinashika au kinalegea. Wengine hucheka. Wanadhani mzee amechanganyikiwa, maana wao walitaka kusikia habari za vioo. Lakini najua ninalolisema, na kila ninapolisema linanichoma, kwa sababu ya dada yangu.

Nitafika huko. Niacheni nianze na kamera yenyewe.

Wakati wa Mwingereza, ile vita kuu ya pili ikiwa imepamba moto huko kwao, nilikuwa nasukuma troli kwenye shamba la mkonge upande wa Kibaha. Kwetu ni Masaki ya Kisarawe, Wazaramo wa hukohuko, lakini riziki ilikuwa Kibaha, na nyumbani nilirudi mwisho wa mwezi. Shule nilipita tu kama mtu anayepita sokoni bila kununua. Nilijua namba, nilijua kuandika jina langu, mengine nilijifunzia kwenye makaratasi ya kufungia sukari. Pale shambani kulikuwa na Mgoa, fundi wa mashine ya katani, aliyekuwa na kamera ya sanduku, ya karatasi ngumu iliyovikwa ngozi nyeusi. Alipohama akaniuzia. Nadhani alikwisha choka kuniona namkodolea macho kila anapoitoa.

Lilikuwa sanduku kweli. Kioo kimoja mbele, kidude kimoja cha kufyatua, ufunguo wa kuzungushia filamu, na nyuma mlango wa kutilia filamu, wenye kidirisha chekundu cha kusomea namba. Filamu moja ilikuwa na vipande vinane. Hakuna la zaidi. Watu hudhani kitu cha namna hiyo hakitoi picha nzuri. Kinatoa, ila ukikidharau nacho kinakudharau.

Jua liwe nyuma ya bega lako. Saa sita usipige, macho ya mtu yanakuwa mashimo kama ya kinyago. Piga asubuhi, au alasiri. Kamera ya sanduku haina haraka, mlango wake wa mbele unaoingiza mwanga unafunguka taratibu, kwa hiyo ukitikisika wewe na picha imetikisika. Mimi nilikata milingoti mitatu ya mkonge, ile inayotoa maua, ambayo ikikauka inakuwa myepesi kama bua, nikaifunga juu kwa kamba ya katani, ikawa miguu ya kamera. Mzungu alinunua ya chuma dukani, mimi niliokota yangu shambani kwake. Na kama kuna tundu linaloingiza mwanga, ambalo utaliona ukijifunika blanketi na sanduku lako likiwa tupu ukalielekeza juani, bandika kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Sanduku likae kwenye bati la biskuti pamoja na vipande vya mkaa, maana unyevu wa kwetu unaotesha ukungu kwenye kioo. Filamu mpya ikae pembeni ya mtungi wa maji, penye baridi.

Halafu kuna hili la nyuso zetu. Ukimpiga mtu mweusi hivihivi, kanzu inatoka nzuri na uso unapotea. Dawa yake niliiona kwa mama. Alikuwa ameinamia jamvi la makopa, muhogo mweupe umeanikwa juani, nikaona uso wake unawaka kutoka chini kama umeshikiwa taa. Toka siku ile nikawa natandika shuka jeupe mbele ya miguu ya mtu, pale ambapo kamera haioni. Mwanga unaruka kutoka kwenye shuka, unapanda usoni.

Sasa lipo jambo moja nililojisifia kuliko hayo yote, nalo ni kubana filamu. Vita ilikuwa imezifanya adimu. Mhindi wa Dar es Salaam aliyekuwa akiziuza na kuzisafisha alikuwa akizitoa chini ya meza kwa watu aliowajua. Kwa hiyo nilijiwekea sharti: filamu haitoki kwenye sanduku mpaka vipande vyote vinane vimepigwa. Nilikuwa nawaambia na wenzangu, kupeleka filamu ina nafasi tupu ni kutupa chakula. Nilisema hivyo kwa kiburi kabisa.

Dada yangu alikuwa mkubwa wangu, ameachika, amerudi nyumbani Masaki na binti mchanga anayenyonya. Mwanamke wa maneno. Alikuwa akicheka mpaka anashika ukuta. Siku niliyotia filamu mpya alinikuta uani nahangaika na milingoti yangu.

"Nani wa kwanza leo?" akauliza.

"Nataka kuanza na baba."

"Baba ana haraka gani? Uso wake tunao kila siku. Anza na mimi, bwana picha, kabla sijachuja."

"Basi mlete na mtoto."

"Mtoto kalala. Tena mwache alale. Tangu nimzae sijaonekana peke yangu hata chooni."

Akaingia ndani, akatoka na khanga mpya, moja kiunoni, moja begani. Akakaa kwenye kiti, mkono mmoja kiunoni, shingo ameigeuza kidogo kama anayeitwa na mtu asiyempenda. Nikatandika shuka. Akaniambia shuka hilo ukilichafua utalifua mwenyewe. Nikafyatua. Kipande cha kwanza.

Baadaye nilimpiga baba, nikapiga wajomba, nikapiga baiskeli ya jirani kwa sababu ilikuwa mpya. Zikabaki nafasi mbili. Nikangoja kitu cha maana cha kuzijaza. Kila nikirudi Masaki dada ananipokea mzigo na kuuliza, "Picha yangu imeiva?"

"Bado. Zimebaki mbili."

"Piga mbuzi basi, umalize!"

"Filamu haipigwi mbuzi, dada."

"Mbuzi ana sura kuliko wajomba zako."

Nilikataa. Ningempiga mbuzi! Mpaka leo nikiona mbuzi amesimama vizuri juani najisikia vibaya.

Masika yakaingia, homa ikamkamata. Nilipopata habari shambani alikwisha zikwa. Sisi Waislamu hatuchelewi kuzika. Nikafika nikawakuta wanawake wamekaa chini, mtoto anapokezanwa mikononi, baba yuko barazani na tasbihi yake. Akanishika mkono, hakulia. Akasema, "Angalau yuko kwenye sanduku lako. Huyu mtoto atakuja kumwona mama yake." Akalirudia kwa kila aliyekuja kutoa pole. Kwamba picha ipo, kijana wangu anayo, mtoto atamwona mama yake.

Kwa asiyejua, niseme kidogo habari ya watani. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya pembe, walipokuwa wakipita kwetu kwenda pwani. Kwenye msiba mtani ana kazi yake. Anakuja kuwachekesha waliofiwa. Anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake na sauti yake, ananyakua kitu chochote na hakirudishi mpaka kikombolewe. Na sheria yake kubwa ni moja: mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia umevunja kitu ambacho hukukijenga wewe.

Mtani wetu alikuwa Mnyamwezi mkata mkonge wa shamba lilelile nililofanyia kazi. Mrefu, meno ya mbele yana mwanya, mkubwa kwangu kwa miaka mingi lakini rafiki yangu sana. Aliwahi kula nyumbani Masaki mara nyingi, na dada alikuwa akimwita mume wangu wa mkopo, akimwonyesha alivyokaa siku ya picha. Siku ya kuondoa matanga alikuja kwa miguu kutoka Kibaha. Mimi nilikuwa nimeitoa kamera, nimeiweka kwenye milingoti yake uani, nataka kuwapiga wazee waliokusanyika ili nimalize zile nafasi mbili. Naam, hata kwenye matanga nilikuwa bado nahesabu filamu.

Mtani akaingia kwa kelele. "Mke wangu yuko wapi? Nimetoka mkongeni na njaa, sioni moshi! Mmemficha ili mnidai mahari tena!" Wanawake wakaanza kucheka huku wanalia. Akaingia ndani, akatoka amevaa khanga za dada, ileile moja kiunoni, moja begani. Akapita uani kwa mwendo wa dada, akawa anashika ukuta na kucheka kicheko chake. Nawaambia, mama alijifunika uso. Hata baba alitabasamu. Kisha mtani akakaa kwenye kiti, mkono kiunoni, akageuza shingo.

"Bwana picha! Picha yangu imeiva?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Akainuka, akanijia, akaliteka sanduku kutoka kwenye milingoti. "Huniambii kila siku, 'Bado'? Basi leo napakua mwenyewe!" Akalitingisha kama sufuria. Na kile kikomeo cha mlango wa nyuma, ambacho nilikwisha kujua siku nyingi kuwa kimelegea na sikukifunga hata kwa uzi, kikaachia. Mlango ukafunguka juani.

Nilimrukia. Nikampokonya. Nikaona filamu iko wazi, nikajua imekwisha, na hasira ikanipanda kichwani. Nikaivuta. Nikaikunjua yote pale mbele ya watu, mkono mmoja juu mmoja chini, utepe mrefu wa rangi ya maziwa hauna kitu, nikampungia usoni.

"Tazama! Tazama ulichofanya! Alikwisha kufa mara moja, umemuua tena! Mnyamwezi mshenzi wewe, toka kwetu!"

Mtani alivua khanga ya begani, akaikunja vizuri, akavua na ya kiunoni, akaikunja juu ya ile, akampa mama kwa mikono miwili. Chakula kilikuwa kimekwisha iva. Akaondoka bila kula.

Baba akasema, "Umefanya nini, mwanangu?"

Nikamjibu, "Muulize yeye alichofanya yeye."

Baba akarudi barazani. Na toka siku hiyo hakusema tena kuwa picha ipo.

Shambani mtani aliomba kuhamishiwa kambi ya upande wa Ruvu. Sikumzuia. Watu wa kwetu walimsema, na mimi niliwaacha wamseme, kwa sababu niliamini.

Siku nyingi zilipita ndipo nikaenda Dar es Salaam kwa Mhindi wangu kutafuta filamu nyingine. Akaniuliza ile ya zamani iko wapi. Nikamhadithia kwa uchungu, nikimlaumu Mnyamwezi tangu mwanzo hadi mwisho. Mhindi alikuwa anakata picha kwa mkasi. Akauweka mkasi chini.

"Dada yako kipande namba ngapi?"

"Namba moja."

Akachukua kijiti kitupu cha filamu na utepe wa karatasi, akauviringisha mbele yangu. "Namba moja inatangulia kuingia. Inazungukwa na namba mbili, namba tatu, na ile karatasi nyeusi ya mgongoni. Mlango ukifunguka mara moja, kinachoungua ni cha juu. Cha kwanza kiko ndani kabisa, labda kingo tu zingeingia weupe. Mtani wako kakuharibia baiskeli." Akanitazama. "Nani aliivuta filamu?"

"Mimi."

Akaniuzia filamu, na nikaona aibu kuichukua.

Kwa hiyo, ninyi mnaojifunza kwa filamu, likikufungukieni sanduku kwa bahati mbaya, lifungeni papo hapo. Msivute. Ingieni kivulini, zungusheni ufunguo mpaka mwisho, mpelekeeni msafishaji mkiwa mmefunga midomo. Na msiweke filamu miezi kungoja nafasi mbili. Haya mambo mawili ningeyajua siku ile, ningekuwa mtu mwingine.

Nilimwambia baba. Alinisikiliza, akasema, "Basi nenda kamwambie." Nikasema nitakwenda. Ruvu si mbali kwa baiskeli, na kila nilipopata nafasi nilikuta sababu: mvua, mto umejaa, tairi limechoka. Nilimwambia baba nitakwenda mpaka siku tuliyomzika yeye. Kwenye matanga yake mtani hakuja kutuchekesha. Tulikaa tukalia tu, kama watu wasio na kwao.

Yule mtoto akakua. Nilikwisha acha troli, nimerudi Masaki kulima mikorosho, na watu walikuwa wakiniita Jumapili na sikukuu niwapige. Siku moja nilikuwa natandaza picha kwenye mkeka, binti yule akachutama pembeni, akawa anazigeuza moja moja.

"Mjomba, huyu nani?"

"Mke wa jirani."

"Na huyu?"

"Mbuzi wa jirani." Maana siku hizo nilikuwa napiga mpaka mbuzi, ili filamu iishe upesi.

Akasema bila hasira yoyote, "Umempiga mbuzi. Mama yangu hukumpiga?"

Bibi yake alikuwa anapepeta karibu. Ungo ukasimama mikononi mwake. Nikamwambia binti, nilimpiga. Nikamweleza ilivyokuwa, na nani aliyeivuta filamu. Akafikiri, akauliza, "Huyo mtani yuko hai?"

Kesho yake asubuhi nilimpakia kwenye keria, na jogoo amefungwa kwenye usukani, kamera mgongoni. Jogoo ni faini ya aliyemkasirikia mtani. Tulimkuta Ruvu kwenye kibanda chake karibu na mto, anapalilia mchicha. Amezeeka, mgongo umepinda, mwanya uleule. Aliniona, akaegemea jembe.

"Mzaramo," akasema. "Nilisikia umekufa. Nikafurahi bure."

Ningetakiwa kumrudishia matusi. Sikuweza. Nilimkabidhi jogoo nikamwambia yote, kipande cha kwanza, karatasi nyeusi, Mhindi na kijiti chake, na jinsi nilivyojua miaka yote hiyo nisije. Alisikiliza huku anampapasa jogoo kifua, kama anayepima nyama.

"Kwa hiyo mimi niliunguza baiskeli," akasema.

"Baiskeli na wajomba."

"Wajomba si hasara." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Mke wangu alifariki hapahapa. Wazaramo wamejaa pande zote hizi. Hakuja hata mmoja kunitania. Walisikia kuwa kwa Wazaramo nimefukuzwa. Nilimzika kimyakimya, bwana, utadhani nimezika mwizi."

Hilo sikulijua. Nilikuwa nimebeba lawama ya picha, kumbe kulikuwa na kaburi jingine nililolinyima kicheko. Jogoo mmoja si kitu.

Binti ndiye aliyesogea. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekuwa unalala mama yako akipigwa picha?"

"Ndimi. Alikuwa anakaaje?"

Mzee akanitazama mimi. Nikatazama chini. Akamwambia binti avue khanga ya begani ampe. Akajifunga, akatembea hatua chache kwenye matuta ya mchicha kwa mwendo wa dada, akashika ukuta wa kibanda, akacheka kile kicheko. Binti alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Kisha mzee akakaa juu ya kigoda, mkono kiunoni, shingo akaigeuza.

"Bwana picha. Unangoja nini?"

Shuka jeupe sikuwa nalo. Nikavua shati langu jeupe nikalitandika mbele ya miguu yake. Nikafyatua, nikazungusha, nikafyatua tena. Filamu ilikuwa na nafasi nyingi bado. Sikungoja. Tulipanda gari moshi siku ileile mimi na binti, baiskeli tumeiacha kwa mzee, tukaenda moja kwa moja kwa Mhindi. Alipoitoa kwenye maji akaniuliza, "Mbona nusu nzima tupu?" Nikamwambia toa picha hivyohivyo.

Picha anayo binti, amekwisha kuwa mtu mzima na wajukuu wake. Ameitia fremu. Wageni wakiuliza huyo mzee wa khanga ni nani, husema, "Ni mama yangu," na huwaacha wahangaike. Mtani hatukumwacha tena. Alipofariki nilikwenda Ruvu nikavaa koti lake, nikaiga mgongo wake, watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Nilifanya vizuri, walisema. Lakini mkewe hakuna aliyemchekea, na hilo halina pa kurudi.

Na liko jingine. Nikifumba macho sasa nimtafute dada pale uani, kwenye kiti, khanga begani, ninayemwona ni yule mzee mwenye mwanya. Uso wa dada mwenyewe umenitoka. Nilimwona kwa jicho langu kupitia kile kioo, mimi peke yangu, na sikumtunza.

Kwa hiyo nikikuambia anza na mlango wa nyuma, usicheke. Tazama kikomeo. Kama kimelegea, kifunge kwa uzi leo.